Afadhali ukodi gari mwaka mzima kuliko kulinunua kwa jina la mtu

Swali hili tumeulizwa mara nyingi sana na wateja wetu wa Kabiria, Satellite na Kawangware, kwa hivyo leo tulijibu vizuri. Linakuja kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: mimi si Mkenya, niko hapa kihalali, biashara yangu inaenda, pesa inaingia kwa simu kila siku. Mbona nikienda kutafuta gari la kulipa polepole naambiwa nilete Mkenya?

Anayeuliza ni fundi wa vitenge kutoka Bukavu anayetaka Probox ya kubebea nguo kutoka Gikomba na Eastleigh. Au ni mwalimu Mganda wa shule ya binafsi. Au ni kijana Mrundi aliyechoka kupanda matatu mbili kila asubuhi na anataka Vitz afanyie biashara. Wengine wana kibali cha kazi, wengine wana kadi ya mkimbizi, wengine wanasubiri karatasi zao zirudi. Wote wanagonga ukuta mmoja: hawana historia ya mikopo hapa Kenya, au wanayo lakini haionekani.

Msimamo wetu tuuseme mapema ili mtu asisome hadi chini akidhani tunamzungusha. Kama njia pekee unayopewa ni gari liandikwe kwa jina la Mkenya unayemfahamu, usichukue. Afadhali ukodi gari la mtu kwa mkataba wa maandishi, hata mwaka mzima, huku ukijenga rekodi yako mwenyewe. Tunajua wengi hawatapenda jibu hili. Kukodi kunaonekana kama kumwaga pesa. Ila tusikilize kwanza, halafu ubishe.

Mkopeshaji anaona nini akikuangalia

Kenya ina mashirika matatu yanayotunza rekodi za wakopaji chini ya leseni ya Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Sisi wote tunayaita CRB tu, na wengi tunayaogopa kama polisi. Ukikopa na kulipa, inaandikwa. Ukikopa na kunyamaza, inaandikwa pia. Mkopeshaji wa gari akipata nambari ya kitambulisho chako, jambo la kwanza ni kuuliza huko.

Sasa fikiria kijana Mkenya wa miaka 25 pale Kabiria Road. Huenda hajawahi kuingia benki hata siku moja. Lakini M-Shwari ilikuwepo tangu 2012, Fuliza tangu 2019, na Hustler Fund ikaja mwishoni mwa 2022. Amekopa mia tano akalipa, akakopa elfu mbili akalipa. Bila kujua, amejiandikia kitabu. Wewe uliyefika 2021 na pasipoti au kadi ya mkimbizi, nyingi ya milango hiyo midogo ilifungwa kwako. Hustler Fund kwa mfano inataka kitambulisho cha kitaifa. Kwa hivyo faili lako si baya. Ni tupu. Shida ni kwamba mashine inayopima maombi haijui kutofautisha vizuri kati ya mtu ambaye hajawahi kukopa na mtu wa kuogopwa.

Jambo la pili ni tarehe. Mkopo wa gari unaweza kuchukua miezi 24 au 36 au zaidi. Kibali cha kazi mara nyingi ni cha mwaka mmoja au miwili. Mkopeshaji anaweka karatasi mbili kando kwa kando na kuuliza: hiki kikiisha mwezi wa 14, huyu mtu atakuwa wapi, na gari litakuwa wapi? Hofu hiyo si ya kipuuzi. Gari ni mali yenye magurudumu na Malaba ni mwendo wa siku moja.

Tunachokataa ni dawa wanayoitoa. Kusema tu "leta Mkenya" hakuondoi hatari, kunaihamisha tu kwa mtu mwingine. Traka ipo. Bima ipo. Malipo ya kwanza makubwa zaidi yanaweza kuombwa. Muda wa mkopo unaweza kukatwa uishie kabla ya kibali kuisha. Hizo ni njia za kupima hatari. Kumuuliza mtu kabila la kitambulisho chake si kupima kitu.

Na soko lenyewe si dogo. Mwaka 2018 shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia lilichapisha utafiti kuhusu Kakuma, likaiangalia kambi na mji wake kama vile kampuni inavyoangalia soko jipya. Lilikadiria matumizi ya watu wa huko kuwa dola milioni 56 kwa mwaka. Hiyo ni Turkana, mbali na kila kitu. Kabiria ambako watu wanalipa kodi ya nyumba, karo na umeme kwa simu kila mwezi, kuna nini cha kuogopa zaidi? Tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, sehemu kubwa ya majirani tunaowaita wageni hapa ni raia wa jumuiya moja na sisi.

Jina la rafiki

Hapa ndipo tunataka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza pesa.

Mpango huwa hivi. Umeweka akiba, umeona gari kwenye yadi ya Ngong Road, bei imekubalika. Mwenye yadi au mkopeshaji anasema hawezi kuandika mkataba na wewe. Dalali aliyekuleta anakunong'oneza: tafuta Mkenya, liandikwe kwake, wewe utakuwa unalipa, deni likiisha mtabadilisha. Unamtafuta mtu wa kanisani, jirani, shemeji, au mwenye duka mliyezoeana. Anakubali kwa moyo safi. Pengine unampa kitu kidogo cha shukrani. Mnapeana mikono.

Kuanzia hapo, mbele ya serikali wewe huna gari. Rekodi ya NTSA inamtambua yeye. Kitabu cha gari, ile logbook, kina jina lake. Risiti zote unazolipa kwa akaunti ya mkopo zinamjengea yeye historia nzuri pale CRB, si wewe. Miaka miwili baadaye umemaliza deni na bado faili lako ni tupu kama siku ya kwanza, naye anaweza kwenda kuchukua mkopo mkubwa wa nyumba kwa sifa ulizomlipia wewe.

Watu wakisikia haya wanajibu, "Lakini rafiki yangu si mwizi." Tunakubali. Anaweza kuwa mtu wa Mungu kabisa. Lakini hawezi kuamua atakufa lini. Akifariki, gari linahesabiwa katika mali yake, na wewe utakuwa unawaeleza ndugu zake, ambao hawakujui, kwamba ile Probox ni yako. Akidaiwa na mtu mwingine, mali yenye jina lake ndiyo inayotafutwa na madalali wa mahakama. Akibanwa na shida ya hospitali usiku, kitabu cha gari kiko kwake na matangazo ya kukopeshwa kwa logbook yamebandikwa kila nguzo kutoka Dagoretti Corner hadi mjini. Hahitaji kuwa mbaya. Anahitaji kubanwa tu.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana: yeye pia yuko hatarini. Ukigonga mtu Naivasha Road, wa kwanza kutafutwa ni aliyeandikwa. Ukishindwa kulipa, atakayeandikwa vibaya CRB ni yeye. Ukihama, deni linabaki kwake. Na gari likiungua au kuibwa, kampuni ya bima haitamlipa mtu ambaye jina lake halimo popote. Kwa hivyo ukimpenda kweli huyo jirani, usimwombe hilo.

Mdhamini ni kitu kingine. Mdhamini anaweka sahihi kwamba ukishindwa atasaidia kulipa, lakini gari na deni vyote vina jina lako. Hiyo ni sawa na tunaiunga mkono. Mwajiri wako anaweza kuwa mdhamini, au pasta wako, au mwenzako wa chama mwenye biashara inayojulikana. Ukiambiwa "leta Mkenya", uliza swali moja: anakuja kama mdhamini au kama mmiliki? Jibu la hapo litakuambia uendelee kukaa au uondoke.

Soma ni mkataba gani

Ukipata anayekubali jina lako, kuna mikataba ya aina tatu inayouzwa kwa maneno yale yale ya "lipa polepole". Tofauti zake ni kubwa.

Wa kwanza ni kukodi mpaka ununue. Huu una sheria yake, Hire-Purchase Act, sura ya 507. Unagusa mikataba ambayo bei yake yote haizidi shilingi milioni 4, na mkataba lazima usajiliwe kwa msajili ndani ya siku 30. Uzuri wake ni kinga moja ambayo watu wengi hawaijui: ukishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, mwenye gari hawezi kulichukua kwa nguvu barabarani. Lazima aende kortini. Kama bei yote ni 900,000, ukishafika 600,000 una ulinzi huo. Tunza risiti, kwa sababu siku ya siku utaambiwa ulikuwa umelipa 590,000.

Wa pili ni mkopo ambao gari ni dhamana. Jina lako liko kwenye kitabu pamoja na la mkopeshaji, na haki yake imesajiliwa chini ya Sheria ya Haki za Dhamana ya Mali Inayohamishika ya 2017. Mikataba mingi unayopewa leo ni ya aina hii. Kinga ya theluthi mbili haimo humu. Unaweza kuwa umelipa karibu deni lote, ukachelewa, ukapewa notisi na gari likaondoka. Si kwamba ni mkataba mbaya, ila ujue umekalia kiti gani.

Wa tatu ni kukodi tu. Unalipa, unatumia, unarudisha.

Katika ule wa pili, riba ndiyo ya kuchungwa. Tuseme umekopa 600,000 kwa miezi 18 kwa asilimia 3 kwa mwezi. Kama riba inahesabiwa kwa deni la mwanzo hadi mwisho, kila mwezi ni 18,000 ya riba pamoja na 33,333 ya deni lenyewe. Utalipa karibu 924,000. Kama inahesabiwa kwa deni lililobaki, kila mwezi ni kama 43,625, na jumla ni kama 785,250. Asilimia ni ile ile 3, karatasi inafanana, lakini tofauti ni takriban 139,000. Hiyo ni karo ya mtoto. Usiulize "riba ni ngapi?" Uliza, "Nikimaliza nitakuwa nimelipa pesa ngapi kwa jumla, pamoja na traka, bima na ada zote?" na uandikiwe jibu.

Kabla ya kulipa chochote, tafuta rekodi ya gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen. Ni shilingi 550. Itakuonyesha aliyeandikwa kama mmiliki na kama kuna mwenye deni juu yake. Dalali atakayekuambia hakuna haja, mshukuru kwa muda wake na uende zako.

Mbona tunasema ukodi

Sasa turudi kwa kile kilichowaudhi baadhi yenu pale juu.

Chukua mfano. Umekodi gari dogo kwa 1,300 kwa siku, siku sita kwa wiki. Ni 7,800 kwa wiki, na kwa mwaka ni 405,600. Mwisho wa mwaka huna gari. Tunaelewa kwa nini inauma. Lakini hesabu na kile ambacho hukulipa. Injini ikifa ni ya mwenyewe. Bima ni yake. Kibali chako kikichelewa, unarudisha ufunguo na maisha yanaendelea. Hakuna deni la miezi 20 linalokufuata. Na kubwa zaidi, kama umelipa vizuri, una kitu ambacho hukuwa nacho: wiki 52 za malipo yaliyotimizwa kwa tarehe, kwa jina lako.

Neno ni "kama umelipa vizuri". Ukimpa mwenye gari pesa mkononi kila Jumamosi pale stendi, hakuna rekodi. Mlipe kwa simu, siku ile ile ya wiki, kiasi kile kile, kwa nambari ile ile. Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo kwa simu, na ukilipa kwa simu tunapata kitu. Hilo tunaliweka mezani. Lakini jaribu kumwonyesha mkopeshaji noti ulizotoa mwezi wa tatu.

Andikeni mkataba hata kama mwenye gari ni mtu mnayesali pamoja. Hauhitaji Kiingereza kigumu. Uwe na majina na nambari za vitambulisho vya wote wawili, nambari ya gari, kiasi na siku ya malipo, nani analipa bima na matengenezo, faini za barabarani ni za nani, na notisi ya siku ngapi mtu akitaka kusimamisha. Ongezeni sentensi moja: mwisho wa mkataba, mwenye gari ataandika barua kuthibitisha jinsi ulivyolipa. Wenye magari wengi watakubali, haiwagharimu kitu. Hakikisha pia kwamba bima ya gari inaruhusu matumizi unayoyataka, kwa sababu bima ya gari la nyumbani haitalipa likiwa linabeba abiria. Na kama ni biashara ya teksi, hakikisha kwanza kibali chako kinakuruhusu kazi hiyo.

Rekodi iwe yako kweli

Wateja wetu wengi wageni wana tatizo ambalo hawalioni kama tatizo. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Ulipofika huna karatasi, mtu akakusaidia, na ukaendelea hivyo. Miaka minne ya biashara, mamia ya maelfu yamepita humo, na yote ni historia ya yule aliyekusajilia. Ni ile hadithi ya gari tena, ila kwa simu.

Ukishapata kadi yako, nenda ubadilishe. Kwa laini za Safaricom, ukipiga *106# utaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama laini unayotumia haimo, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki hii. Na kama umesajiliwa kwa pasipoti, kumbuka pasipoti ikibadilishwa nambari nayo inabadilika, na faili lako linaweza kukatika katikati kama uzi. Ukiwa na kadi ya mgeni, tumia hiyo kila mahali: kwa simu, kwa benki, kwa KRA. Nambari moja kila mahali ndiyo inayokusanya vipande vyako pamoja.

KRA nayo inaingia hapa, kwa sababu bila PIN yake huwezi kuandikishiwa gari. Mwenye kadi ya mgeni anaweza kuiomba kupitia iTax. Na tafadhali, PIN ya KRA si PIN ya simu. Tumesikia watu wakiombwa "PIN" na mtu anayejiita ofisa wa mikopo na kutoa ile ya siri. Hakuna mkopeshaji halali anayehitaji nambari yako ya siri ya simu. Anachohitaji ni taarifa ya miamala, na hiyo unaitoa wewe mwenyewe na kumtumia.

Taarifa ya miezi sita ndiyo silaha yako. Mkopeshaji anaipitisha kwenye programu inayosoma pesa iliyoingia, iliyobaki mwisho wa mwezi, mikopo midogo uliyolipa, na pia pesa iliyoenda kwa kamari. Kuna mchezo wa kuzungusha pesa: unamtumia ndugu elfu ishirini, anakurudishia, unamtumia tena, ili ionekane biashara ni kubwa. Programu zinaujua huo mchezo. Pesa inayotoka na kurudi kwa nambari ile ile siku ile ile inaonekana wazi. Unalipa ada za kutuma bure na unaharibu sifa.

Wanawake wa Kikongo hapa Kabiria wana likelemba, Wanyarwanda wana ikimina, sisi tunaita chama. Kila mtu anatoa, mmoja anachukua, zamu inazunguka. Watu hao wanalipana kwa uaminifu ambao benki nyingi zingetamani, na bado pesa nyingi inapita mkononi kwenye bahasha. Michango hiyo ikipitia simu, na kukawa na daftari lenye sahihi, inakuwa ushahidi. Mkopeshaji mwenye akili anajua kwamba mtu aliyetoa elfu mbili kila wiki kwa miaka mitatu bila kukosa si mtu asiye na historia.

Mikopo midogo ya simu inasaidia pia, lakini kwa kiasi. Kopa kidogo, lipa kabla ya siku, acha. Usikope kwa watano kwa wakati mmoja ukidhani unajenga sifa. Benki Kuu huchapisha orodha ya wakopeshaji wa kidijitali iliowapa leseni, angalia jina kabla ya kupakua programu yoyote. Kisha chungulia faili lako mwenyewe. Una haki ya kupata ripoti moja ya CRB bila malipo kila mwaka, na kwa Metropol unaweza kuanza kwa kupiga *433#. Ukikuta deni ambalo si lako, lalamika sasa, si siku ile umekaa mbele ya ofisa na gari limeshaoshwa.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Muulize ndugu yako aliyeenda Marekani kufanya kazi ya unesi. Alifika na digrii, mshahara mzuri na viza halali, akaambiwa alama zake za mkopo hazipo. Kule alama zinaanzia 300 hadi 850, na yeye hata 300 hana. Mkataba wa kukodi gari wa miezi 36 ukawekwa kando ya viza yake na swali likawa lile lile: na viza ikiisha? Wengi huanza na kadi ndogo ya mkopo ambayo wameiwekea pesa zao wenyewe kama dhamana, wanalipa kila mwezi, halafu mlango unafunguka kidogo kidogo. Wakenya wanalalamika sana kuhusu hilo wakiwa Dallas. Tungependa walikumbuke wakiwa upande huu wa meza, Ngong Road.

Na kwa wakopeshaji wenyewe, kwa sababu tunajua mnasoma: ombi letu ni dogo. Andikeni kwenye fomu zenu, kwa Kiswahili, ni karatasi gani za mgeni mnazokubali. Kibali cha darasa la D, la G, la M, kadi ya mkimbizi, zote au baadhi. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilianza kutumika Februari 2022 na inatambua mkimbizi kama mtu anayeweza kufanya kazi na biashara. Kama hamtaki, semeni hivyo mapema. Mtu asifunge kibanda chake siku nzima, apande matatu hadi kwenu, alipie ada ya maombi, ndipo aambiwe mfumo haukubali nambari yake.

Jambo la mwisho ni kwa walio na kibali kinachokaribia kuisha. Omba upya mapema, si wiki ya mwisho. Tunza risiti ya maombi ya eCitizen, uichapishe, na uiweke pamoja na taarifa yako ya miezi sita, nakala ya kadi, PIN ya KRA, mkataba wa nyumba na barua ya mwenye gari uliyemkodisha. Ukiwa na faili hilo mkononi, mwombe mkopeshaji akupe muda unaoisha miezi miwili kabla ya kibali, hata kama malipo ya mwezi yatapanda. Akikubali hilo kwa maandishi na kwa jina lako, kaa chini msome mkataba pamoja, ukurasa kwa ukurasa.